Filimbi ya Émilien Caudrelier, Kipa wa Harvelin

Wapendwa majirani, wachezaji wa zamani wa Étoile, wafuga njiwa, na nyinyi nyote mliovumilia baridi ya leo mkaja kukaa nasi katika kanisa hili la Mtakatifu Barbara, mimi ni Odile, mtoto wa kwanza wa Émilien Caudrelier, na karatasi hizi nilizoshika ni maisha yake kama alivyotaka yasomwe, kwani sehemu kubwa aliniandikisha mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, akinisahihisha tarehe kwa ukali, na tulipofika kwenye jambo moja alinishika mkono akasema, "Hapo usiruke, Odile. Ukiruka sitakusamehe." Nilimwambia, baba, wewe utakuwa ndani ya jeneza, utanifanya nini, akacheka mpaka mashine ya oksijeni ikaanza kulia. Jambo lenyewe linahusu mechi moja, filimbi moja, na mtu mmoja aliyeketi hapa benchi la mbele, Bwana Ladislas Gorny, ambaye mji huu umemcheka kwa miaka hamsini na mitano. Lakini tuanze mwanzo, kwa sababu baba hakupenda mambo ya kurukia katikati.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1938, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba namba 14 ya mtaa wa matofali mekundu ulio nyuma ya Shimo Namba Tano, hapa hapa Harvelin, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Anselme Caudrelier, mchimbaji wa makaa ya mawe, na Julienne mkewe, na inasemekana kwamba sauti yake ya kwanza ilisikika huku baba yake akiwa juu kwenye banda la njiwa, alikokimbilia kila alipoogopa kitu, akashuka na manyoya kwenye nywele, akamchukua mtoto na kumpeleka dirishani ili aone mbingu kabla ya kuona kitu kingine chochote. Bibi Julienne alikuwa akisema kosa lilianzia pale, kwamba tangu siku ile Émilien alitembea uso umeelekea juu, akajikwaa kila kizingiti cha mtaa, na akatumwa mkate akarudi bila mkate wala pesa, lakini akijua njiwa wa nani walipita na walikuwa wangapi.

Alisoma katika shule ya wavulana ya Harvelin kuanzia mwaka 1944 hadi Juni 1952, akapata cheti cha msingi kwa alama ambazo alinikataza kuzitaja, na tarehe 6 Oktoba 1952, siku tatu baada ya kutimiza miaka kumi na minne, aliingia kazini Shimo Namba Tano kuchambua mawe na makaa, kazi aliyoifanya kwa miaka minne, mtu wa kutazama juu akiwa chini ya ardhi, hali ambayo mwenyewe aliieleza kwa maneno machache sana, kwamba kule chini alikuwa akifumba macho na kuliona banda la babu Anselme, kila njiwa mahali pake, na hivyo zamu ikapita. Kilichomtoa mgodini ni mikono yake, kwa sababu mwaka 1953 alianza kudaka katika timu ya vijana ya Étoile ya Harvelin, na kocha aligundua kwamba yule kijana asiyeweza kutazama mbele alikuwa hapitwi na mpira wa juu hata mmoja, mipira ya kona ilimshukia mikononi kana kwamba imeitwa. Alitumikia jeshi kuanzia Septemba 1958 hadi Desemba 1960, zaidi ya miaka miwili huko Algeria, ambayo hakuisimulia kwetu hata siku moja, na tarehe 3 Januari 1961 alitia saini mkataba wake wa kwanza wa mpira wa kulipwa, mkataba ambao kwa desturi ya wakati ule ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mpaka afikishe miaka thelathini na mitano, klabu ikiwa huru kumtupa wakati wowote lakini yeye asiwe huru kuondoka.

Hapa inabidi niwaambie kitu wajukuu zake waliokulia Paris, maana watu wa hapa wanakijua tangu tumboni. Jumapili ya mashindano ya njiwa katika mitaa yetu ilikuwa siku ya kimya, hakuna aliyeanika shuka nyeupe, mbwa walifungwa, redio zilizimwa, kwa sababu njiwa aliyesafiri kilomita mia na zaidi anaweza kufika nyumbani kwake, akakaa juu ya paa, akaogopa kitu kidogo tu na kukataa kuingia bandani, na asipoingia, ile pete ya mguuni haivuliwi, saa ya mashindano inayoandika muda wa kufika haigongwi, na mbio zake zote ni bure. Kwa hiyo mwenye njiwa alipomwona ndege wake angani alipiga filimbi kwa vidole viwili, moja ndefu na mbili fupi, na filimbi hiyo ikilia kila mtu mtaani aliganda pale alipo, mwenye ndoo na ndoo yake, mwenye mguu juu na mguu wake juu, na bibi zangu wameapa kwamba padre wa zamani aliwahi kusimama katikati ya maandamano ya Bikira Maria, mkono uko hewani, mpaka njiwa wa Anselme Caudrelier akaingia. Mtoto aliyesogea alichapwa, na wala hakuna mzazi aliyelalamika.

Sasa nimefika mahali penyewe. Mwaka 1964 Étoile yetu, timu ya daraja la pili, timu ya wachimbaji na watoto wa wachimbaji, ilifika nusu fainali ya Kombe la Ufaransa, ikapangiwa klabu moja kubwa ya kusini, uwanja wa Amiens, Jumapili ya tarehe 26 Aprili, saa tisa alasiri, na Harvelin nzima ikaenda kwa mabasi na treni, watu wakafunga maduka, hata fundi viatu aliyekuwa hatembei aliletwa juu ya mkokoteni. Aliyebaki ni babu Anselme, ambaye mapafu yake yalikuwa yameshajaa vumbi la makaa na daktari alikuwa amempa wiki chache, naye asubuhi ya Jumamosi alimwambia mwanawe, huku akifunga kikapu, "Nyie nendeni mkalete Kombe lenu. Mimi nimemtia Nénette kwenye mashindano ya kesho, ni mara yake ya mwisho na yangu pia. Akirudi, nami nitaondoka bila kinyongo." Nénette alikuwa njiwa jike mzee, rangi ya majivu, mwenye unyoya mmoja mweupe bawa la kushoto na kidole kimoja kilichonyofolewa na kipanga, na kila mtu alimwambia babu asimtume, naye kila mtu alimjibu, "Wewe fuga wako."

Jumapili ile kulikuwa na ukungu, njiwa waliocheleweshwa huko Clermont, mahali pa kuanzia mbio, tangu asubuhi wakaachiliwa saa tisa kamili, dakika ile ile refa alipoanzisha mpira Amiens, na ukungu haukuondoka, ulipungua tu, ukarudi, ukapungua, hivi kwamba baba golini kwake hakuliona goli la upande wa pili kwa mchezo wote, aliwasikia tu watu, alisikia kishindo cha mpira na kelele za mashabiki zikitoka mahali asipopaona, wachezaji wakimtokea ghafla weupe na wakubwa, halafu wakayeyuka tena, na aliniambia kwamba hajawahi maishani mwake kuwa na furaha ya namna ile, amesimama peke yake ndani ya wingu, hana uzito, mikono inajua kazi yake, bao bado sifuri kwa sifuri na dakika zinakwisha. Dakika ya themanini na moja alisikia mabawa, akainua uso, na juu ya mtambaapanya wa goli lake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, alikuwa ameketi Nénette, ameloa, anapumua kwa mdomo wazi, anamtazama kwa jicho moja.

Alikuwa amepotea, kilomita sitini kutoka nyumbani, na njiwa akitua ovyo namna hiyo kwa uchovu huwa hainuki tena. Baba alisema hakufikiri, na mimi namwamini, kwa sababu kufikiri hakukuwa desturi yake. Aliyaona macho ya babu yaliyokuwa yakitazama paa tupu, mpira alidhani uko mbali ndani ya ukungu, akavua glovu moja, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga, moja ndefu na mbili fupi. Nénette alishtuka, akaruka, akazunguka goli mara mbili, akashika njia ya kaskazini. Na hatua ishirini mbele yake, beki wetu Ladislas Gorny, miaka ishirini na minne, mtoto wa nyumba namba 22 ya mtaa ule ule, aliyekuwa ameufikia mpira tayari kuupiga mbali na hatari, aliganda mguu wake ukiwa hewani, na winga wa kusini, ambaye kwao filimbi ya njiwa haijulikani, akampita, akauchukua mpira, akafunga. Refa akanyoosha mkono kati, tukafungwa moja kwa sifuri, Étoile haijafika tena nusu fainali tangu siku hiyo mpaka leo.

Baada ya mechi waandishi walimzunguka Ladislas, wakamuuliza kwa nini alisimama, akasema, "Nilisikia filimbi ya refa." Wakamwambia, "Refa hajapiga." Akasema, "Basi nilisikia vibaya," na hakuongeza neno, huku kipa wetu akiwa amesimama pembeni yake, glovu moja mkononi, kimya. Jioni ile baba alifika namba 14 akamkuta babu Anselme jikoni, Nénette yuko mapajani, pete imeshavuliwa, saa imegongwa saa kumi na mbili kasoro dakika tisa, wa mwisho kabisa katika wilaya nzima, na babu akamwambia, "Nimesikia mmefungwa, pole mwanangu, lakini tazama nani amerudi." Babu alifariki Jumapili ya tarehe 10 Mei 1964, wiki mbili kamili baadaye, na waliokuwepo wanasema hajawahi kuonekana mtu aliyekufa uso umetulia vile.

Mnajua yaliyompata Ladislas, kwa sababu ni nyinyi mlioyafanya, na mimi pia nilikuwemo nikiwa mdogo. Kabla ya majira ya joto klabu ilimwacha, akarudi Shimo Namba Tano na kubaki humo mpaka lilipofungwa mwaka 1979, na kila alikopita watoto walipiga mbinja wakipiga kelele, "Simama, Ladis! Refa huyo!" na dukani kwa mwoka mikate wanawake walimwuliza kama masikio yameshazibuliwa, na siku ya harusi yake, tarehe 2 Oktoba 1965, birika la maji lilipolia jikoni ukumbi mzima uliangua kicheko, bibi harusi Wanda akatoka nje kulia. Msimamizi wa bwana harusi siku hiyo alikuwa baba yangu. Aliniambia, "Niliinuka niseme, Odile. Nikanyanyua glasi, nikawatakia watoto wengi, nikakaa." Nilimuuliza ilikuwaje akae kimya miaka yote hiyo, akanijibu kwamba mwanzoni alimlinda babu, watu wangeliendea lile banda kwa mawe, lakini babu aliishi wiki mbili tu, na baada ya hapo alichokilinda ni nafasi yake golini. "Niliogopa kwa ajili ya glovu zangu," ndivyo alivyosema, na akanitaka niyasome hivyo hivyo, bila kuyapamba.

Glovu hizo zilimpa mechi mia nne na kumi na mbili. Alidakia Étoile mpaka mwaka 1969, mwaka ambao wachezaji wa Ufaransa walifunguliwa ile mikataba ya kufungwa maisha, akaenda kucheza misimu mitatu katika klabu ya mji mmoja mdogo wa kusini kando ya bahari, ambako mama alikuwa akisema hakuwahi kuzoea kuona shakwe mahali pa njiwa, akarudi Harvelin mwaka 1972, akastaafu mpira tarehe 10 Juni 1973, kisha akawa mtunza uwanja wa Étoile kwa miaka ishirini na mitano, akikata majani na kupaka chokaa mistari, na mara nyingi akionekana amesimama peke yake katikati ya uwanja mtupu siku za ukungu, hata ilibidi mama anitume nikamwite aje kula.

Mama huyo ni Raymonde Hennebelle, ambaye baba alifunga naye ndoa tarehe 15 Julai 1961 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1962 na mdogo wangu Gervais mwaka 1966, na wajukuu wanne, na waliishi pamoja miaka hamsini mpaka mama alipotutangulia mwezi Novemba 2011, baada ya nusu karne ya kumwambia mumewe, "Émilien, shuka chini," naye akishuka kwa muda wa chakula. Na kila masika baba alichagua makinda mawili bora ya ukoo wa Nénette, akayapeleka kwa Ladislas ndani ya kikapu kipya, na kila Alhamisi alasiri wawili hao walicheza karata jikoni kwa Ladislas, hawakukosa hata walipougua, na sisi tulidhani ni urafiki tu.

Aliugua mapafu tangu mwezi Novemba mwaka jana, vumbi la miaka minne ya utoto likiwa limemngoja kwa subira miaka yote hiyo, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 9 Januari, chumba chenye dirisha linalotazama kusini, ambalo alilipigania kwa matusi, na alifariki Jumanne tarehe 12 Februari 2019, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na miaka themanini, akitazama nje. Ukungu ulikuwepo.

Mimi nilimkasirikia, nasema wazi, na bado nimemkasirikia kidogo, kwa sababu aliniachia mzigo wake niubebe mbele za watu yeye akiwa amelala, na niliona si haki Amu Ladis ausikie kwa mara ya kwanza humu ndani akiwa amezungukwa na macho yenu. Kwa hiyo juzi Alhamisi, saa ya karata, nilikwenda kwake. Alinitengenezea kahawa yenye unga wa mizizi ya chikori kwa birika lisilo na kifuniko cha filimbi, kwani marehemu Wanda alikitupa mwaka ule wa harusi, akaketi, nikamsomea yote. Nilipomaliza akasema, "Binti yangu, unadhani mimi ni mjinga? Refa anapuliza, baba yako alipiga kwa vidole. Mtoto wa mtaa wetu asijue?"

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, ulisimama kwa nini? "Uliza mguu huu!" akasema, akiupiga kofi. "Filimbi ya Anselme ikilia, wewe ungesogea? Watu elfu ishirini wananitazama, na mimi naogopa kuchapwa." Akacheka mpaka akafuta macho. Nikamuuliza kwa nini basi alisema ni ya refa, akajibu kwamba mzee Anselme alikuwa nyumbani anangoja, na mgonjwa hapigiwi kelele. Nikamuuliza, na baadaye, Amu, hiyo miaka yote? Hapo hakucheka. "Baadaye nilimngoja Émilien. Njiwa akikaa juu ya paa utamfanya nini, utamrushia jiwe? Kila Alhamisi nilimwachia nafasi, nikachanganya karata taratibu. Alikuwa anafika mpaka mlangoni, namwona kabisa, halafu anaruka tena." Akazichukua zile karatasi zangu, akazilainisha kwa kiganja juu ya meza, akasema, "Amechelewa sana mshenzi huyu. Lakini ameingia."

Kwa niaba ya Gervais na familia nzima nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, hasa yule muuguzi wa asubuhi aliyekuwa akimgeuzia kitanda kuelekea dirishani bila kuombwa, nawashukuru majirani wa mtaa wa Shimo Namba Tano walioleta supu na kulisha njiwa wetu wiki tano, uongozi wa Étoile, wafanyakazi wenzake wa uwanjani, chama cha wafuga njiwa waliobeba jeneza, na padre aliyekubali haya tutakayofanya sasa. Na kwako, Bwana Ladislas Gorny, beki wa Étoile, uliyesikia sawasawa, familia ya Caudrelier inakutaka radhi mbele ya mji mzima, na mji huu nao una mdomo wake wa kusema.

Imebaki kitu kimoja. Nilipoaga siku ile, Amu Ladis alinishika mlangoni akaniambia, "Soma yote. Lakini nimepigiwa mbinja miaka hamsini na mitano, safari hii napiga mimi." Kwa hiyo ataondoka kwenye benchi lake, atasimama karibu na jeneza, na atakapotia vidole viwili mdomoni nawaombeni nyote mgande pale mlipo, mwenye kikohozi akizuie, mwenye mguu juu auache juu, mlango wa kanisa uko wazi na hakuna atakayesogea. Baba, sote tumenyamaza, paa ni lako, umeshakaa juu vya kutosha. Shuka, ingia ndani, upumzike.